Firigisi ya Afisa

Mimi Mama Natalie mambo ya wageni sinayo, na namshukuru Mungu. Ukija kwangu hapa Subukia utapewa chai, ukibahatika na kiazi kitamu, kisha utaonyeshwa njia. Jirani yangu Nerima si hivyo. Yeye ni wa Bungoma, na kwao mgeni akiondoka bila kula kuku, nyumba nzima imeaibika.

Ndiyo maana nilicheka shirika lilipompa kuku.

Walikuja na gari jeupe kutoka Nakuru, wakatuambia tuache kungoja vibarua, tujiajiri. Kila familia isiyo na kazi ikapewa kuku kumi wa kufuga. Atakayewafikisha ishirini kabla ya Desemba angepewa mashine ya kuangulia vifaranga. Nerima aliitaka mashine hiyo kuliko sisi sote. Mumewe, Makokha, alikuwa nyumbani tangu afutwe kazi kwenye shamba la maua, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka kuchuma kahawa ya watu na kurudi jioni akishika kiuno. Alikuwa ameshaipangusia mashine meza.

Kila mwezi afisa wa mradi, Bwana Kihara, alikuja na dereva wake kukagua maendeleo. Kila mwezi Nerima alikamata kuku mmoja. Kihara alipewa firigisi kwa heshima yake, akala, akafuta vidole, akaandika kwamba kuku wamepungua. Kisha wafadhili wakaja kupiga picha, watu saba. Siku hiyo walichinjwa kuku watatu, mmoja wao akitolewa juu ya mayai aliyokuwa akiatamia.

"Nerima, si uwape chai tu?" nilimwambia kwa hasira.

"Chai, Mama Natalie? Na wameona kuku wakitembea hapo nje? Unataka niitwe nani?"

Desemba ikafika. Mimi nilikuwa na kuku ishirini na watatu. Wa mwisho wa Nerima alikuwa mezani, na mimi nilikuwa pale nikisaidia kusonga ugali. Kihara alitoka kuchungulia banda, akarudi, akaketi na kuchukua paja.

"Sasa mathe, hawa kuku wote walienda wapi?"

Nilikohoa. Nerima akanikanyaga mguu.

"Walikufa, boss."

"Wote? Na ni ugonjwa gani huo?"

Nerima aliitazama sahani. "Hata sijui. Unakujanga mara moja kwa mwezi."

Kihara aliandika hayo pia.

Mashine ililetwa kwangu. Niliona haya, sitadanganya, lakini niliipokea. Nerima alikuja kunipongeza, akaigusa kifuniko, akasema ni nzuri, akaenda nyumbani mapema. Usiku huo sikulala vizuri.

Wiki iliyofuata alirudi. Alisema Kihara amepiga simu, ana wasiwasi sana na ule ugonjwa, na Jumanne ataleta daktari wa mifugo kutoka Nairobi auchunguze.

"Kwa hivyo niazime jogoo."

Nilifungua mdomo nimtukane.

"Mama Natalie, mtu atoke Nairobi yote, aje kwa sababu ya kuku wangu, nimpe chai?"

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hakuwa anatania. Nilienda nyuma ya nyumba nikakamata jogoo wangu mkubwa, nikamfunga miguu, nikamwekea Nerima mikononi.

"Chukua. Lakini firigisi ule wewe."

Alinitazama kana kwamba nimepagawa. "Na daktari atakula nini?"