Jino la Nne la Kasa

Jumanne asubuhi Losana alifungua kompyuta katika karakana ya mashati pale Suva, akakuta kasa wake ameongezwa jino. Pindo la gamba alilichora mwenyewe, meno matatu kila upande. Sasa yalikuwa manne.

Losana hakuwa mtu wa kulipualipua kazi. Alichora kasa mmoja tu, kwa nukta chache, akamtolea nakala mia mbili zilizoungana naye. Ukimgusa wa kwanza, wote wanafuata. Aliyeongeza jino alijua hilo. Akamtupia jicho Apisai, mwenye karakana. Kasa yule alitoka kwenye masi, nguo ya gome ya ukoo wa Losana, na Apisai aliahidi kuandika jina la ukoo kwenye kila kola. Mpaka leo Losana hakuwa ameonyeshwa kola hata moja.

“Bosi, umechezea faili langu?”

“Mimi? Kuizima tu hiyo mashine kunanishinda, dada. Nitamweza kasa?”

Hakumwamini hata chembe. Akarudisha meno matatu, akalifunga tabaka la mchoro kwa nywila.

Saa nne, aliporudi na chai, alimkuta shangazi yake Sereima, aliyezikwa Machi kisiwani Moce, amekaa kwenye kiti chake. Kidole chenye masizi kilikuwa kikivuta nukta kwenye kioo.

“Kumbe ni wewe, Shangazi. Nywila umeijuaje?”

“Jina la mbwa wako. Kasa wetu ana manne, we mtoto! Nilipokufundisha ulikuwa unasinzia?”

Losana aliona haya, akampa chai yake. Shangazi akahifadhi faili. Sokoni, muuza magimbi alilitazama shati lake la kasa likiota jino tumboni, akaendelea kufunga mafungu. La Apisai nalo likaota.

“Afadhali,” alisema Apisai. “Yale matatu yalikuwa kama mapengo.”

Losana akaigeuza kola ya shati la Apisai. Iliandikwa: Ubunifu wa Apisai.

“Na hili, Shangazi?”

Shangazi alilipapasa jina lile herufi kwa herufi. Lilishonwa kwa cherehani.

“Hili halina nukta ya kuvuta,” alisema.

“Jina lenu refu, dada,” Apisai alisema. “Halienei.”

Losana alikasirika, akaiachia kola. Jumatano saa nne Shangazi alikuja tena. Apisai alikuwa amemwekea kikombe cha peke yake, na alipomaliza kummiminia chai akamuuliza kama ukoo wao una mchoro wa ndege pia.