Rupia Tatu za Nyumba Yangu

Mume wangu Sadala alikuwa hodari wa kupiga hesabu, na hesabu zake zilitoka sawa daima, isipokuwa pale watu walipokuwamo ndani yake. Nasema hivi bila kinyongo. Nimeishi naye miaka mingi na bado napenda kumtazama akihesabu kwa vidole, midomo ikichezacheza.

Mwaka ninaousimulia ni ule uliofuata baada ya reli kufika Mombo. Kwetu Makuyuni gari la moshi lilikuwa limeanza kusimama ili litiwe maji na kupakia kuni. Nzige walikuwa wamepita kwenye mahindi, tukabaki na mihogo na migomba. Sadala alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la Mzungu, lakini funza walimla vidole vya miguu hata akashindwa kutembea, na kipande chake, ile kadi ya kazi ambayo hulipwa zikitimia siku thelathini, kilikuwa na alama kumi na tatu tu. Kodi ya Mdachi, Mjerumani aliyetutawala wakati ule, nayo haikujua habari za nzige wala funza. Ilikuwa rupia tatu kwa kila nyumba, na karani wa akida alipokuja alihesabu mapaa.

Sisi tulikuwa na mapaa mawili kwa sababu Sadala alikuwa na wake wawili. Mkubwa ni mimi, Mwantumu. Mdogo ni Zamda, Mzigua wa upande wa Handeni, na nyumba yake ilikuwa hatua arobaini kutoka kwangu. Hatukugombana na wala hatukupendana. Tulisalimiana asubuhi, kisha kila mmoja akarudi kwenye chungu chake. Sadala alilala siku mbili kwangu na siku mbili kwake, na zamu hiyo haikukosewa hata mara moja.

Siku moja, baada ya sala ya alasiri, akatuita wote wawili uani. Nilijua kuna jambo, maana hakuwa na desturi ya kutuweka pamoja.

"Nyumba moja ikivunjwa, rupia tatu zinabaki mkononi," alisema. "Jiko litakuwa moja. Kuni za jiko moja, chumvi ya chungu kimoja, mafuta ya taa moja. Mwakani tutakuwa tumeweka akiba ya mbuzi."

"Itavunjwa ipi?" nikamuuliza.

Alivitazama vidole vyake vya miguu. "Ya Zamda bado nzima, Mama Mwaija."

Kweli, yangu ilikuwa kuukuu, na upande wa nyuma ilivuja. Lakini kuta zake nilizikandika mwenyewe kila kiangazi kwa udongo mwekundu nilioubeba kichwani kutoka chini ya milima. Mwaija na wadogo zake wawili walizaliwa ndani yake. Tena ndipo mahali pekee duniani nilipoweza kufunga mlango nikakasirika peke yangu bila kuulizwa nina nini. Mwanamke mwenye hasira kama zangu anahitaji mlango.

"Usivunje," nikasema. "Rupia tatu za nyumba yangu nitazileta mimi kabla karani hajaja."

"Utazitoa wapi?"

"Zikija utaziona."

Sadala akacheka, si kwa ubaya. Akasema atangoja hadi mwezi uandame, ndipo karani angekuja.

Kesho yake nikachemsha mihogo, nikaitia kwenye ungo, nikaenda stesheni. Siku ya kwanza niliuza vipande vinne nikapata hela nne, na rupia moja ni hela mia. Nilirudi nyumbani nimenuna. Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa haraka, nikikasirika ndipo akili inapofanya kazi. Niligundua kwamba abiria hana sahani na hataki kuungua mikono, basi nikaanza kufunga kila kipande kwenye jani la mgomba pamoja na chumvi na pilipili kidogo. Nikagundua pia kwamba wenye njaa hasa ni vibarua wa behewa la nyuma, nami nikawa naanzia huko wakati wenzangu wanakimbilia mbele kwa askari na wafanyabiashara. Nikaongeza ndizi za kuchoma. Hela zikaanza kuwa nzito kwenye fundo la kaniki yangu, na usiku nililala nimelilalia.

Mwezi ulipokaribia kuandama nilikuwa na rupia mbili na hela sitini. Siku hiyo nikapata hela nyingine ishirini na tatu, nikarudi naimba. Nilipofika nikakuta kitanda changu kiko juani, kila apitaye njiani anakiona. Nyasi za paa zilikuwa rundo chini. Sadala alikuwa juu ya fito, kichwa kimejaa vumbi la nyasi.

"Jumbe amepita," alisema kutoka hukohuko juu. "Karani hangoji tena mwezi. Anakuja kesho asubuhi."

"Na wewe ukavunja."

"Umebakiza ngapi?"

"Kumi na saba."

"Rupia?"

"Hela, Baba Mwaija. Hela kumi na saba. Na hukuniuliza."

Mimi nikakaa kitandani pale juani nikalia, na sikujali nani ananiona. Hela kumi na saba ningezikopa kwa jirani yeyote kabla ya magharibi. Zamda akatoka kwake, akatazama paa, akamtazama mume wetu. Kisha akashika kitanda upande wa miguu, akangoja hadi niliposimama nikashika upande wa kichwa. Tukakibeba hadi kwake.

Asubuhi karani Lukasi akaja, kijana wa Kishambaa aliyesomea misheni kule Lutindi. Alihesabu paa moja, akapokea rupia tatu zilizokusanywa kwa taabu, akaenda zake. Sadala alifurahi mno. Alinifuata jikoni kuniambia jinsi mambo yalivyokwenda vizuri, nami nikaendelea kumenya mihogo.

Sasa, lile aliloacha kulihesabu. Nyumba ya Zamda ilikuwa na vyumba viwili, katikati ukuta wa matete ambao hata kupumua kwa mtu kulisikika. Jua lilipozama Sadala akaja na mkeka wake kwapani, kama kawaida.

"Leo zamu ya nani?" akauliza.

"Ya dada," alisema Zamda kwa adabu.

"Mimi siwezi kumpokea mume ndani ya nyumba ya mwenzangu," nikasema. "Nitaiweka wapi sura yangu asubuhi?"

"Basi iwe kwa Zamda."

"Na dada yuko hapo nyuma ya matete?" Zamda akatikisa kichwa. "Hapana, baba. Kwetu hilo halifanyiki."

Watu wanadhani tulikuwa tumepanga. Hatukupanga. Ilikuwa ni kuona haya tu, na kila mtu wa upande wetu anajua kwamba wake wawili wanaweza kula chungu kimoja lakini zamu inataka kila mke awe na mlango wake. Hata Sadala alijua. Alikuwa ameisahau tu kwa sababu haikuwa na bei. Aligeuka na mkeka wake, akautandika barazani.

Wiki ile masika yakaanza. Sadala alikuwa na mwavuli mweusi alioununua Mombo kwenye duka la Mhindi siku alizokuwa na fedha, nao ukapata kazi. Asubuhi tulimkuta amejikunja chini yake, maji yakichuruzika pembeni. Majirani wakipita walimwambia, "Shikamoo mzee, umeamkaje?" kwa sauti ya watu ambao jibu wanalo tayari. Mimi nilimwonea huruma, lakini sikuwa na haraka ya kuionyesha.

Ndani kulikuwa na mambo mengine. Siku moja Zamda aliniuliza napata hela ngapi stesheni, nikamwambia. Akasema kwamba shangazi yake alimfundisha kupika vitumbua vya ndizi mbivu. Tukajaribu. Gari la kwanza tu, viliisha kabla sijafika behewa la katikati. Tangu hapo yeye akapika, mimi nikauza, na jioni tuligawana nusu kwa nusu mkekani. Ndipo nilipojua kwamba mwenzangu ni mchekeshaji. Miaka sita tumeishi umbali wa hatua arobaini, nami sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Alikuwa akimwigiza karani Lukasi akihesabu mapaa, hadi nikashika mbavu.

Masika yalipokwisha Sadala alikuwa na kikohozi na uso uliosawijika. Akatuita tena uani.

"Hesabu ile ilikuwa na kasoro," alisema.

"Ya rupia ngapi?" nikauliza.

"Si ya rupia." Akakohoa. "Nilikuvunjia nyumba yako, Mama Mwaija, na nilifanya vibaya. Nitaijenga."

Aliijenga kweli. Vidole vilikuwa vimepona, akamaliza kipande chake shambani, na siku za mapumziko alikata miti, akafunga fito, akaezeka nyasi mpya. Nilimwomba mlango uelekee reli ili nione moshi mapema, akaugeuza bila kubisha. Kuta nilikandika mimi, Zamda akiniletea maji.

Mwaka wa kodi ulipozunguka tukawa tena na mapaa mawili na rupia sita za kutafuta. Tatu alikuwa nazo Sadala. Zangu zilikuwa mbili, kwa sababu ujenzi ulinimaliza. Zamda akafungua fundo lake, akaniwekea rupia moja kiganjani.

"Chukua, dada. Natoa ili usije ukarudi kwangu. Unakoroma."

Kesho yake alfajiri alikuwa mlangoni kwangu na ungo wa vitumbua kama siku zote.

Kulipa, safari hii, tuliitwa kwenye baraza la akida. Nilikwenda na Sadala, nikasimama nyuma yake kidogo. Karani Lukasi alikuwa mezani na daftari.

"Shikamoo mzee. Nyumba ngapi?"

"Marahaba. Mbili."

Sadala akaweka rupia zake, karani akaandika jina lake, akampa cheti. Halafu mimi nikasogea, nikafungua fundo la kaniki, nikaweka rupia tatu mezani. Karani akanitazama, akamtazama Sadala. Kwa kawaida nyumba zote za mume huandikwa kwa jina la mume, na hakuna aulizaye.

"Na hii niandike ya nani?"

Nilikuwa nimejiambia njiani kwamba akisema ni yake nitanyamaza. Nyumba ilikuwa imesimama, na hilo lilinitosha. Sadala alizitazama zile rupia, na kwa mara ya kwanza midomo yake haikuhesabu.

"Mwantumu binti Semboja," alisema.

Tangu anioe ameniita Mama Mwaija. Sikujua kama jina la baba yangu bado analikumbuka.

"Ni mkeo?" karani akauliza, kalamu mkononi.

"Ni mwenye nyumba," alisema Sadala. "Andika vizuri."

Karani akaandika, akanikabidhi cheti mimi, si Sadala. Nilitaka kukifunga kwenye kaniki lakini fundo likanishinda, ikabidi mume wangu anifungie.