Mteja Akinyamaza

Usiku wa jana nilichelewa kulala makusudi, ili kesho nayo ichelewe kufika. Haikusaidia kitu. Macho yalipofumba tu, niliota nimelala kifudifudi juu ya meza yangu ya kazi, na bisibisi yangu mwenyewe inaniuliza kama nina la kusema.

"Bibie, nikufungue?" inauliza. Ina sauti ya mama mtu mzima aliyezoea kuzalisha.

Nataka kusema usinifungue. Nafungua mdomo. Hakitoki kitu.

"Amenyamaza," inasema bisibisi.

"Akinyamaza amekubali," anajibu Mjomba Shaweji kutoka mlangoni, bila kuacha kunywa chai yake.

Siwezi kumlaumu. Hiyo ndiyo kanuni ya kibanda chetu hapa Lindi. Tunatengeneza gemu za mkononi, zile za watoto, na za watu wazima wanaosema wamewanunulia watoto. Zikija zimekufa tunazifufua. Zikija nzima tunazibadilisha: ganda jipya, kioo kinachong'aa zaidi, gemu nyingi zaidi ndani. Tukifungua tukakuta na ubovu mwingine, Mjomba humpigia mteja simu kumwuliza. Mteja asiposema kitu, tunaendelea. Mjomba huwaambia mapema, tena kwa tabasamu: ukinyamaza, umekubali.

Kanuni hiyohiyo ndiyo aliyoitumia kwangu mimi. Mzee Mfaume, mshenga wa Ismaili Chipoka muuza saruji, alikuja jana mchana kuniposa. Chipoka hana ubaya, na sharti lake lilikuwa moja tu: mkewe asikae kibandani kushikashika gemu za watu. Mjomba akaniuliza mbele ya mshenga, "Somoe, unasemaje?" Mimi mbele ya wageni huwa natazama mkeka. Nikatazama mkeka. Basi wakakubaliana kwamba nikafikiri, Mzee Mfaume arudi kesho yake kuchukua jibu, na mwali akinyamaza tena, itakuwa ameridhia. Wote wakaona huo ni utaratibu mzuri. Hata mkeka haukupinga.

Kwa hiyo bisibisi inaanza kazi.

Skrubu za mabegani zinatoka vizuri. Ya kisogoni imeshika kutu.

"Hii haijaguswa tangu azaliwe," inalalamika bisibisi. "Nipeni tone la spiriti."

Siumii. Nasikia ubaridi tu, kama mtu aliyevua ushungi uliolowa. Ganda langu la mgongoni linainuliwa, linawekwa kando juu ya gazeti. Kibano kinaruka ndani bila kubisha hodi.

"Vumbi," kinasema. "Punje ya wali. Kikohozi alichokizuia madrasa. Chafya aliyoimeza kwenye msiba wa jirani." Kinazama zaidi. "Na hapa, jamani, njooni mwone."

Wanainama wote. Hata Mjomba anasogea na kikombe chake.

"Maneno," kinasema kibano. "Amejaa maneno. Mapya kabisa, hayajatolewa hata kwenye plastiki."

"Ndiyo maana alikuwa mzito kumbeba alipokuwa mdogo," anasema Mjomba.

"Yatolewe?"

Wananitazama. Nanyamaza. Yanatolewa, yanarundikwa kwenye kifuniko cha kopo, yanameta kama peremende za sikukuu.

Hapo anaingia Mzee Mfaume, kanzu nyeupe, ananukia udi. Ananipitia kwa macho kama mtu anayenunua godoro.

"Nimekuja kwa niaba ya mwenyewe," anasema. Mshenga hata ndotoni hajisemei.

"Karibu, mzee wangu," inasema bisibisi. "Tukubadilishie nini?"

"Ganda liwe rangi ya maziwa. Mama yake Chipoka anapenda rangi ya maziwa. Vitufe vya kushoto viondolewe, havitahitajika. Na gemu zote zilizomo zifutwe, ibaki moja."

"Ipi?"

"Ya kupika."

"Ina hatua ngapi?"

"Moja," anasema Mzee Mfaume. "Lakini haiishi."

Bisibisi inanigeukia. "Bibie, umesikia. Una pingamizi?"

Napiga kelele kwa nguvu zangu zote. Kelele zinapanda, zinafika shingoni, zinageuza zinarudi zilikotoka.

"Hana pingamizi," inasema bisibisi. "Mtoto mwenye adabu huyu."

"Na haya maneno?" kinauliza kibano.

Mjomba anakasirika kidogo. Katika kibanda chetu hatuibi spea ya mtu. Kilichotolewa ndani ya gemu anarudishiwa mteja, na mteja ni Mzee Mfaume. Mzee Mfaume anayamimina yote kwenye mfuko wa kanzu yake. Mfuko unavimba kama shavu la mtu anayeumwa jino.

Meza inakuwa jiko. Hakuna aliyeihamisha.

Niko nyumbani kwa Chipoka, nina rangi ya maziwa, na naweza kutembea kuelekea kulia tu. Nikifika ukutani napotea, natokea tena upande wa kushoto, mbele ya sufuria ileile. Kila nikikoroga, kitu kinalia *ting'* juu ya kichwa changu na nyota moja inadondokea kwenye wali. Wali haupungui wala hauivi.

Chipoka amekaa juu ya mifuko ya saruji, ananitazama kwa upole.

"Mama, umechoka?" ananiuliza.

Nakoroga.

"Hajachoka," anajiambia, anafurahi. "Ungependa kwenda kuwasalimia kwenu?"

Nakoroga. *Ting'.*

"Hapendi. Amenizoea." Anafuta machozi kwa kona ya mfuko, anabaki na saruji shavuni. "Sijapata kuona mwanamke tunayeelewana namna hii."

Hilo ndilo linalonitisha. Hakuna hata mmoja anayenionea. Wote wananiuliza, tena kwa adabu, na wote wanaondoka na jibu.

Pembeni ya sufuria, juu ya figa, imekaa gemu moja ya kijivu. Naifahamu. Ililetwa kibandani kwa sababu haitoi sauti. Tumeifungua, tumebadilisha spika, tumechomea waya upya, na bado ni bubu. Haiwezi kuongea, kwa hiyo inaandika kwenye kioo chake.

*Spika yangu haikuwa na ubaya,* inaandika.

Naikodolea macho.

*Usihangaike kujibu, nakujua. Waya nao haukuwa na ubaya. Ninyi mafundi mna haraka ya kufungua watu. Ubavuni mwangu kuna kigurudumu cha sauti. Kimeshushwa hadi mwisho. Hakuna aliyewahi kukigusa.*

Naona aibu ambayo sijawahi kuiona hata nikiwa macho. Mimi na Mjomba tuliichokonoa gemu ile kutwa nzima kwa bisibisi na moto, na kumbe ilitaka ukucha tu.

*Chako kiko chini ya sikio,* inaandika.

Napapasa. Kipo kweli, kidogo kama dengu, kimegandana na vumbi. Nakisukuma kwa ukucha. Kinasema *krr.* Nakipandisha hadi mwisho, maana sina uzoefu, sijui watu huishia wapi.

Nafungua mdomo. Inatoka hewa kubwa sana, kama basi linaloachia breki. Kifuniko cha sufuria kinaruka. Lakini ndani ya hewa hiyo hakuna neno.

*Maneno yako yako mfukoni kwa mshenga,* inaandika gemu ya kijivu, na maandishi yake yanaanza kufifia. *Wahi. Wanakwenda kukufunga.* Kisha betri inaiishia, inazimika.

Nakimbia kulia. Ukutani napotea, natokea kushoto. Nakimbia tena kulia. Safari hii ukuta hauniruhusu kurudi jikoni. Natokea kwenye ukumbi wa harusi.

Waalikwa wote ni gemu. Wamekaa mikekani wamepanga safu, wamechomekwa kwenye waya mmoja wa umeme, wanawakawaka taratibu kwa heshima. Anayefungisha ndoa ni chuma cha kuchomea risasi, kile cha kuungia nyaya. Kimevaa kofia ya kufuma na kinatoa moshi.

"Fanyeni upesi," kinasema, "napoa."

Mzee Mfaume ameshika ganda langu jipya la mgongoni, kidole gumba kikiwa ukingoni, tayari kulifunika. Ganda langu la zamani liko chini, bado juu ya gazeti lake. Bisibisi imebeba skrubu ya mwisho mdomoni, kwa hiyo inaongea kwa shida.

"Tukifunga hii hafunguliwi tena," inawaeleza waalikwa. "Tunatia na gundi." Inanigeukia. "Bibie, kwa mara ya mwisho. Unasemaje?"

Ukumbi unatulia. Nasikia Mjomba akimeza chai, tayari kusema kanuni yake.

Naingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu ya Mzee Mfaume. Mimi, ambaye hata chumvi ya jirani naomba kwa macho. Mzee anashtuka, lakini mikono yake yote ina kazi. Nachomoa neno la kwanza lililonijia, nalipasua plastiki kwa meno, nalitia kinywani.

"SHIKAMOONI!"

"Marahaba!" unaitikia ukumbi mzima, na umeme unacheza.

Silo. Natia mkono tena.

"KARIBUNI CHAI!"

Nusu ya waalikwa wanainuka kutafuta chai. Nyaya zao zinachomoka, wengine wanaanguka.

"Somoe!" ananong'ona Mjomba. "Unatuaibisha."

Silo pia. Nachimba. Mfuko umejaa adabu tupu: samahani, asante, pole na kazi, hata "usijali, mimi nitasimama". Nimelelewa vizuri kupita kiasi. Mwishoni kabisa, kwenye mshono, vidole vyangu vinagusa neno dogo lenye kona kali. Plastiki yake ni ngumu kuliko za mengine yote. Nalipasua.

"SITAKI!"

Linapiga ukuta wa mbele, linarudi, linapiga wa nyuma. Gemu zote zinazimika kwa pamoja. Chuma cha kuchomea risasi kinapoa palepale, moshi unakatika. Ganda la rangi ya maziwa linapasuka vipande mikononi mwa Mzee Mfaume, na lile langu la zamani linaruka kutoka kwenye gazeti, linakuja kujifunga lenyewe, *pap*, kidole gumba cha mzee kikiwa katikati.

"Mama wee!" anapiga kelele mshenga.

"Nani amesema?" anauliza Chipoka gizani, kutoka juu ya saruji yake.

"Mchumba wako," inajibu bisibisi. Imeshaimeza skrubu.

"Mbona sijawahi kumsikia?"

"Wala sisi."

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani na kanga imenizonga shingoni. Sebuleni kulikuwa na mazungumzo ya wageni na mlio wa vikombe. Nikasikia Mjomba akiniita, tena kwa ile sauti yake laini ya kuongea na wateja.

Nikajitanda, nikaenda, nikaketi ukingoni mwa mkeka. Niliuona mkeka wote vizuri, ukili kwa ukili. Mzee Mfaume alikuwa kwenye kiti cha karibu na mlango, ingawa kile cha heshima kilikuwa wazi.

"Somoe," akasema Mjomba, "mzee amekuja kuchukua jibu lake, kama tulivyopanga. Unasemaje?"

Nikatazama mkeka.

Mjomba akangoja kidogo, kiasi cha kumpa mteja nafasi. Kisha akafungua viganja. "Basi, mzee, si unaona mwenyewe. Akinyamaza..."

"Shaweji, subiri!" Mzee Mfaume alisema kwa haraka isiyo ya umri wake. "Hilo usilimalize. Mwache mtoto aseme kwa kinywa chake. Mimi nitangoja, hata mpaka adhuhuri nitangoja."

Mjomba akamshangaa. Mimi pia nikainua macho, na ndipo nikakiona kidole gumba chake. Kilikuwa kimefungwa kitambaa, kimevimba, na ukucha uliochungulia ulikuwa mweusi.

"Kulikoni tena, mzee?" akauliza Mjomba. "Umebanwa na mlango?"

"Sijui," akasema Mzee Mfaume, akakiingiza kidole chini ya kanzu. "Nimeamka nacho."

Hakumtazama Mjomba alipokuwa akisema hivyo. Alikuwa akinitazama mimi, kwa heshima, kama mtu anayetazama kitu kilichoachwa kwenye umeme.

Nikasema, "Sitaki."

Ilitoka ndogo, ya kawaida, sauti ya mtu anayekataa kuongezewa sukari. Kikombe cha Mjomba kikasimama njiani kabla ya kufika mdomoni.

Mzee Mfaume akavuta kiti chake nyuma kidogo, karibu zaidi na mlango.

"Nimesikia, mwanangu," akasema. "Nimesikia tangu jana usiku."