Shati la Mikono ya Kulia

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema, msije mkahangaika kumtafuta.

Mimi ni fundi cherehani. Zamani ulikuwa ukipita tu barabarani nishajua suti yako itakula kitambaa kiasi gani. Sasa niko kiwanda cha mashati, na kule hakuna mtu anayeshona shati. Huyu kola, yule mifuko, jirani yangu mikono ya kushoto, mimi ya kulia. Kulia, kulia, kulia, miaka nenda rudi, huku msimamizi tuliyembandika jina la Bwana Kasi akipita migongoni mwetu akipiga makofi kama anayefukuza kuku. Niliwahi kumwomba nibadilishane na jirani, walau kwa asubuhi moja. Akanitazama kama nimeomba kiti chake.

"Usinivurugie mpangilio."

Basi kila jioni narudi nyumbani naapa kuacha kazi. Mke wangu masikio yakamchoka. Akasukuma kabati la vyombo, akaipangusa cherehani yangu ya zamani, akaiweka penye dirisha la mbele.

"Duka hilo hapo, baba watoto. Unaacha, au unasubiri kiwanda kikulilie?"

Mdogo wake wa kiume, ambaye mdomo wake haujui likizo, akaniletea kitambaa cha bluu. "Nishonee shati, shemeji. Likinikaa, mimi ndiye mteja wako wa kwanza, na Jumatatu ukaage."

Jumamosi nzima nilishona huku napiga mluzi. Nilikata mikono mmoja mmoja, haraka, bila hata kufikiri. Nifikiri nini? Mkono naushona usingizini!

Jumapili shemeji akalivaa mbele ya kioo. Bega la kulia, safi, ungedhani amezaliwa nalo. La kushoto, kitambaa kikamkaba kwapani, na ule mpasuo wa kifundoni unaotakiwa kukaa nyuma ukamkodolea macho kwa mbele.

Akajigeuza polepole, bega juu. "Shemeji, huu mkono wa nani?"

Nikauvuta, nikaukunja, nikautazama kwa ndani. Mikono yote miwili ilikuwa ya kulia.

"Duka la nusu shati!" shemeji akapasuka kwa kicheko. "Mteja aje na nusu nyingine kutoka kwao!"

Nikavua futi shingoni, nikaitupa juu ya meza. "Basi! Kesho narudi kiwandani, na mtu asinitajie duka tena. Mmeona wenyewe. Fundi gani asiyejua mkono wa kushoto? Kabati lirudi mahali pake."

Mke wangu hakusogeza kabati. Alimvua mdogo wake lile shati, akaketi, akaanza kuufumua mkono kwa ncha ya mkasi.

"Ulipoingia kule ulikuwa unashona nini?"

"Si unajua? Suti. Koti, suruali, kizibao."

"Na sasa?"

"Sasa umeona! Ndiyo maana nasema nibaki. Kule angalau ninachokijua ninakijua."

Akanitupia ule mkono uliofumuliwa, ukaniangukia magotini.

"Haya, baki mwaka mwingine. Urudi kuniuliza kwenye shati kichwa kinatokea wapi."