Darasa la Mchangani

Ndugu Oswald, mwalimu wa semina, alichukua kalamu nyekundu, akaweka rula juu ya jina la Mwamvua kwenye orodha, akalikata. Alilikata taratibu, bila chuki yoyote, na hilo ndilo lililomkera Mwamvua zaidi. Mtu akikukata jina si angalau akunje uso!

"Masomo matatu hujahudhuria, mama," alisema. "Kanuni ni kanuni. Asiyehudhuria semina ya mwaka huu hasimami barazani kumsemea mtoto."

Mwamvua alikuwa mlangoni mwa ukumbi kule Rusimbi, anahema, magamba ya dagaa yamemganda mpaka viwikoni. Alikuwa amepanda kilima mbio kutoka ufukweni Kibirizi na bado alikuta wenzake wanafunga madaftari. Miaka minne sasa alikuwa msemaji wa watoto. Kazi yenyewe haikuwa na mshahara wala sare. Mtoto akionewa, akiachishwa shule, akigombaniwa na ndugu, wewe unakwenda kwao, unakaa, unasikiliza, halafu unasimama mbele ya wazee wa baraza na kusema lile ambalo mtoto hawezi kulisema. Kila mwaka waliitwa darasani kunolewa upya. Mwamvua hakuwa na ugomvi na darasa. Ugomvi wake ulikuwa na tarehe.

"Nani kakupangia siku hizi?" aliuliza.

"Nimepanga mwenyewe. Jumatatu tatu mfululizo, saa tatu asubuhi."

"Basi zote umezitia ndani ya giza."

Oswald akatazama dirishani. Jua lilikuwa linawaka. Wanawake wakacheka, na masikini ya Mungu hakujua wanachekea nini.

Maana pale Kibirizi hata mtoto anayetambaa anajua giza ni nini. Ni zile wiki ambazo mwezi haupo au ni mdogo. Mitumbwi inaingia ziwani na karabai, dagaa wanaifuata taa, alfajiri wanashushwa, na wanawake wanawaanika mchangani na kuwageuza mpaka alasiri. Ukitoka kidogo tu, huku wameungua, huku wameoza, na kinachobaki ni cha kunguru. Mwezi ukikomaa dagaa hawaioni taa, mitumbwi inapumzika, na hapo mwanamke ana nafasi ya kwenda hata kwenye harusi ambayo hakualikwa. Lakini Ndugu Oswald aliletwa kutoka Iringa, na kwao mwezi ni wa kutazama tu.

Mwamvua alimweleza yote hayo. Oswald alimsikiliza kwa adabu, kisha akafunika kalamu yake. "Mimi sifundishi mwezi, mama. Nafundisha sheria."

"Na Saumu je? Shauri lake ni keshokutwa Alhamisi... Ah, hata siku mmenichanganya! Leo Jumatatu. Ni Alhamisi hii!"

"Atasemewa na Bibiana. Yeye hajakosa hata siku moja."

Mwamvua alitoka bila kuaga. Alikuwa na hasira mpaka macho yakamwuma, lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu, na hofu ilikuwa ya Saumu. Mtoto wa miaka tisa, darasa la tatu, yatima, anaishi Ujiji na bibi yake mzaa mama. Baba yake mdogo, Chande, alikuwa ameoa upya huko Kidahwe, mkewe amejifungua, na sasa alimtaka Saumu aache shule akalee mtoto. Wazee wangekubali, hilo lingekuwa limekwisha. Nani angemrudisha shuleni? Hakuna.

Hata hivyo si kweli kwamba Mwamvua hakusoma. Bibiana, fundi cherehani mwenye sauti ndogo, alikuwa rafiki yake wa siku nyingi. Kila alasiri ya Jumatatu alishuka mchangani na daftari lake, akawasomea waanikaji wote somo la asubuhi, nao wakalirudia huku wanageuza dagaa. Anayekosea anazomewa. Jioni hiyo walirudia masomo yote matatu, na Bibiana alipofika mwisho akaanza kulia.

"Mimi barazani naogopa, dada. Nikisimama mbele ya wanaume maneno yananikimbia."

"Wewe simama tu," Mwamvua alimwambia. "Mimi nitakuwepo."

Alhamisi wavuvi walibembelezwa wawaangalie dagaa kwa saa mbili. Wavuvi kugeuza dagaa! Walinuna, lakini waligeuza. Mwamvua akapanda barazani na wanawake kumi na mmoja nyuma yake, wote wananuka ziwa, wakajipanga ukutani.

Mwenyekiti, Mzee Mwinshehe, alimwita Saumu mbele. Chande alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake, kanzu imenyooka, kofia mpya. Bibiana akasimama na daftari lake.

"Naomba nimwulize mtoto pembeni," alisema.

"Pembeni kwa nini?" Chande akadakia. "Ukoo wetu hauna siri. Mwulizeni hapahapa."

Bibiana akamtazama Oswald aliyekuwa anaandika kumbukumbu za kikao. Oswald aliangalia saa yake. Mashauri mengine manne yalikuwa yanangoja. "Mwulize hapa, tuendelee," alisema.

Bibiana akamgeukia mtoto. "Saumu, mama, unataka kwenda Kidahwe?"

Mtoto alimtazama baba yake mdogo, akatazama chini. "Nataka."

"Mmesikia wenyewe," alisema Chande. Bibiana akakaa, akajifunika uso kwa daftari.

"Hatujasikia kitu!" Ilikuwa sauti ya Mwamvua.

Mzee Mwinshehe akainua mkono. "Mwamvua, jina lako limekatwa. Kaa chini."

"Sikai, mzee. Shikamoo yako naitoa, heshima yako ipo palepale, lakini sikai. Limekatwa jina, masikio hayakukatwa. Somo la pili linasema mtoto haulizwi mbele ya mtu anayemtaka. Huyu Ndugu hapa kalifundisha mwenyewe, na leo kalisahau!"

"Somo la pili hukuwepo!" Oswald alisema.

"Sikuwepo. Nimelikosea?"

Mwanamke mmoja akajitoa ukutani. "Na mimi sikuwepo. Somo la tatu: mtoto huchagua mwenyewe mtu wa kukaa naye anapoulizwa." Wa pili akadakia: "Na akilisema jambo pembeni, haadhibiwi kwa kulisema." Hapo wakaanza kusema wote, kila mmoja na kipande chake, mpaka Mzee Mwinshehe akapiga meza.

"Ndugu Oswald, ndivyo ulivyowafundisha?"

Uso wa Oswald ulikuwa umewiva. Angeweza kusema uongo, na Mwamvua alikuwa anamngojea auseme. "Ndivyo, mzee," alisema. "Neno kwa neno."

"Basi mtoto achague."

Saumu hakufikiri hata kidogo. Alivuka chumba, akashika ncha ya kanga ya Mwamvua.

Nyuma ya jengo walikaa chini kwenye kivuli. Mwamvua alianza kubandua magamba mkononi, moja moja, na mtoto akaanza kumsaidia.

"Baba mdogo kasema nikikataa, bibi atatolewa kwenye nyumba," Saumu alisema. "Kasema ataezua bati."

Mwamvua alitamani kurudi ndani amshike mtu kanzu. Akajizuia. "Nani aseme, mimi au wewe?"

"Wewe. Ila nishike kanga."

Basi alisema, mtoto kashika kanga. Hakupamba. Chande akaruka kwenye kiti. "Nyumba ni ya marehemu kaka yangu! Nikiezua bati naezua la kwetu!"

Chande mwenyewe akasikia alichokisema, akakaa polepole.

"Nyumba ya marehemu kaka yako," alisema Mzee Mwinshehe, "ina mwenyewe, na mwenyewe ni huyu aliyeshika kanga. Atabaki kwa bibi yake na atasoma. Na wewe bati hilo usiliguse."

Bibiana alipiga kigelegele kirefu mpaka wenzake wakageuka kumtazama. Maneno yalikuwa yamemkimbia, lakini sauti ilikuwepo.

Jumatatu iliyofuata mwezi ulikuwa umekomaa, mitumbwi imevutwa nchi kavu, na wanawake wamekaa mchangani wanangoja Bibiana afungue daftari. Saumu, aliyepitia hapo akirudi kutoka shule, ndiye aliyekuwa anaita majina ya darasa kwenye karatasi. Ndugu Oswald akatokea juu ya njia, kabeba ubao mweusi kichwani na orodha kwapani. Jina la Mwamvua lilikuwa limeandikwa upya, kwa wino wa buluu. Akamwonyesha. Mwamvua akalitazama, akamgeukia Saumu.

"Mwongeze na huyu."

Saumu akaandika, akaita: "Ndugu Oswald!"

"Nipo," alisema Oswald.

"Yupo leo," alisema Mwamvua. "Huku kwetu masomo matatu hajahudhuria, na kanuni ni kanuni. Haya, vua viatu ukae, tukufundishe mwezi."