Mkeka Usiokung'utwa

Kwenye karakana ya yule sonara aliyebandikwa jina la Mama Fagio kulikuwa na sheria moja: mkeka wa katani chini ya meza yake haukung'utwi nje. Miaka ishirini alikuwa akipiga tupa dhahabu juu yake, na kila chembe iliyomponyoka ilikimbilia humo. Mdogo wake, aliyeuza kwenye kaunta ya mbele, hakuacha kumcheka. "Dada, wenzako wanaweka akiba benki, wewe unaweka kwenye uchafu."

Jumatatu habari zikaja: maji yameingia mgodi mkubwa. Wachimbaji walitoka salama, Mungu ashukuriwe, lakini kwa miezi kadhaa dhahabu isingetoka huko. Kabla ya chai ya saa nne bei ilikuwa imeruka, na wafanyabiashara waliokuwa nayo wakaifungia kabatini wakingoja iruke tena. Na binti wa jirani yao, fundi cherehani, alikuwa anaolewa Jumamosi. Pete mbili zilishapatanwa bei tangu mwezi uliopita.

"Mwambie baba yake aongeze," mdogo mtu akasema. "Kwani mgodi umeuzamisha wewe?"

"Na yeye je, ndiye aliyeuzamisha? Neno nimeshalitoa, silimezi."

Wala hakuwa na wasiwasi, alijua alichokalia. Akaukunja mkeka, akauchoma ndani ya pipa la chuma, majivu akayaosha na kuyatia dawa, kisha akayeyusha kilichobaki. Likatoka tone la dhahabu, zuri la kumfanya mtu acheke peke yake. Akalipima. Kwa pete mbili, ilipungua nusu gramu.

Mdogo wake, safari hii, hakucheka. Alisikitika kweli. Mama Fagio akainamisha macho, akayaona makubazi ya ngozi ambayo ndugu yake alikuwa akiyaburuta humo ndani kwa miaka kumi na miwili, nyayo zimechimbika na kujaa vumbi la karakana.

"Vua."

"Dada! Nitarudije nyumbani?"

"Kwa miguu. Si unayo?"

Akarudi pekupeku, akilalamika njia nzima.

Jumamosi, bibi harusi alipoinua mkono kuonyesha pete na vigelegele vikapaa, mdogo mtu alisimama kifua mbele katika viatu vipya alivyonunuliwa na dada yake.

"Mnaiona ile inayong'aa?" akawauliza waliokuwa karibu naye. "Hayo ni makubazi yangu."