Bukari ya Papa Pasta

"Tena ulisema kila Jumamosi!" Clotilde alizidi kupandisha sauti, huku akikunja shuka kwa hasira kana kwamba shuka ndilo lililokosa. "Si siku moja nilipokuwa mugonjwa. Kila Jumamosi!"

"Ilikuwa mufano tu, Mama Béthanie," mumewe akasema.

"Mufano? Mupandaji alitoka kupanda mbegu, ule njo mufano. Pasta Josaphat anapikia bibi yake bukari, ule ni uongo, na weye umeuvalisha kravati."

"Sema polepole. Batoto banasikia."

Walikuwa katika darasa waliloazimwa kuwa chumba cha wahubiri, kwenye shule moja nje kidogo ya Kamina, ambako vijana wa kanisa walipiga kambi likizo hiyo. Madawati yalisukumwa ukutani, na chandarua kilifungwa kwenye msumari wa ubao. Kwa miaka mingi wawili hao walikuwa wakiitwa kambi baada ya kambi, Kaniama, Mulongo, popote, kufundisha uchumba na ndoa. Josaphat huanza, Clotilde humalizia.

Asubuhi hiyo somo lilikuwa kusaidiana nyumbani, na vijana walisinzia macho wazi. Josaphat hapendi kuhubiria miayo. Alitafuta neno la kuwaamsha, akalipata: "Minyi mwenyewe, kila Jumamosi, ninakorogea bibi yangu bukari!"

Waliamka wote. Wasichana wakapiga vigelegele, wavulana wakashika vichwa. Mtaani kwao, mwanaume akishika mwiko wa bukari, yaani ugali, mbele ya watu, majirani hawaulizi anapika nini. Wanauliza mkewe amemlisha dawa gani.

Ndipo Lumbala, mtoto wa mwanajeshi wa Base, kambi ya jeshi ya hapo Kamina, kijana mrefu mwenye mdomo mrefu zaidi, akasimama. "Papa Pasta, basi leo mangaribi utukorogee, na siye tuone."

Amina iliyofuata ilizishinda amina zote za wiki. Josaphat naye akaitikia amina. Angefanya nini?

Sasa jua lilikuwa limeanza kushuka, na uwanjani sufuria kubwa ya maji ilikuwa tayari juu ya moto.

"Sikiliza," Josaphat alinong'ona. "Tunasema upepo ni mingi, tunahamisha moto nyuma ya ua wa majani. Weye unakoroga. Ikiiva, minyi ninatoka na mwiko mukononi, jasho kwenye uso."

"Jasho utaitoa wapi?"

"Maji, mama. Ninajinyunyizia."

Clotilde alimtazama mwanaume huyu aliyezaa naye Béthanie, ambaye jikoni kwake hajui hata chumvi inakaa wapi. "Sikorogi. Tunaambia bachumba basidanganyane, halafu siye bawili tunajificha nyuma ya majani kama bezi ba kuku? Hapana."

Hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa msichana aliyeitwa Mujinga, jina la Kiluba tu, binti wa mwalimu, mwimbishaji wa kwaya, mchumba wa Abdias, kijana mwenzake wa kambini. Kila mtu kambini alijua kwamba ndoa yao ilikuwa imekwama, ila hakuna aliyejua imekwama wapi.

"Bonsoir, Papa Pasta. Bonsoir, Mama Pasta. Nilikuja kusema aksanti." Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Ninaanza masomo ya uuguzi. Nilimuuliza Abdias: siku minyi niko na zamu ya usiku, weye utakula nini? Akasema mama yake atahamia kwetu."

"Kuhamia kabisa?" Clotilde akauliza.

"Na kitanda yake, Mama. Nikamwambia basi tuache ndoa. Lakini leo asubuhi amesema, kama Papa Pasta anakoroga, na miye nitakoroga. Iko pale kwenye moto, amejifunga kikwembe kwenye kiuno. Barafiki banamuchekelea, lakini haondoke!"

Mujinga akatoka. Clotilde aliiona picha yote: ukweli ukitoka, Abdias atafungua kikwembe hicho cha kitenge, Lumbala atagaagaa chini kwa kicheko, na mama mkwe atafunga mizigo ahamie. Na Mujinga hatakubali. Ndoa itakuwa imekwisha kabla ya kuanza.

"Leta ile maji ya kujinyunyizia," akasema. "Nitakoroga."

"Hapana," akasema Josaphat.

"Hapana nini? Si weye njo ulitaka?"

"Yule kijana amefunga kikwembe juu ya uongo yangu. Leo tutamudanganya. Kesho bukari itamushinda kwake, atasema Papa Pasta alizaliwa na kipaji, minyi hapana. Ataacha."

"Na ukisema kweli, ataacha saa hii!"

"Labda."

"Labda! Mutoto wa watu akose bwana juu ya labda yako?"

Ugomvi ulikuwa uleule, ila wenyewe walikuwa wamebadilishana magoli. Clotilde alitambua hilo, likamuudhi zaidi. Kabla hajapata jibu kali la kutosha, Josaphat alikuwa amevua koti na kutoka. Clotilde akamfuata mbio, kandambili zikipiga vumbi.

Vijana walikuwa wamezunguka moto. Josaphat hakupanda juu ya kiti wala hakusafisha koo.

"Asubuhi niliwadanganya," akasema. "Sijakoroga bukari hata siku moja. Mama Pasta njo anapika, Jumamosi na siku zote. Nilitaka tu mupige makofi. Munisamehe."

Lumbala ndiye aliyepasuka kwanza. "Nilijua! Ye! Nilijua!"

Kicheko kikazunguka uwanja. Clotilde hakumtazama Lumbala. Alitazama mikono ya Abdias, na mikono ya Abdias ilikuwa imekwenda kwenye fundo la kikwembe. Mujinga aliinamisha uso.

"Papa Pasta," Abdias akasema taratibu, "haujue hata kidogo?"

"Hata kidogo. Unga inaingia mbele ya maji ao nyuma, sijue."

"Maji njo mbele, Papa. Ile hata miye ninajua."

"Basi umenipita."

Mikono ya Abdias ikasimama pale pale kwenye fundo. Haikufungua, haikukaza. Clotilde aliona kwamba dakika hiyo ikiachwa ikae, mtu atasema neno na kila kitu kitaharibika. Alikuwa amelea watoto, alijua dakika za namna hiyo haziachwi.

"Banamuke bote, mutoke kwenye moto!" akapaza sauti. "Hakuna mwanamuke anagusa mwiko leo. Hawa bawili habajue, basi batajifunza. Bukari itakayotoka, mbichi ao na madonge, njo tutakula. Hakuna ingine."

"Na madonge, Mama?" Lumbala akalia.

"Weye utaanza kuonja. Weye njo uliagiza."

Safari hii kicheko kilimwangukia Lumbala. Clotilde alifungua kikwembe chake cha juu, akamzungushia mumewe kiunoni na kukaza hadi Josaphat akaguna. Kisha akampa mwiko mikononi, mzito kama mchi, na kumsogezea Abdias beseni la unga.

"Maji inachemka. Mwaga kidogo kidogo. Na weye, Papa Béthanie, usisimame kama uko kwenye mimbara. Inama."

Abdias alimtazama Mujinga, akakaza fundo, akachota unga na kumwaga. Josaphat akainama, akakoroga.